Jibu: Madumu ya lita 5 yamekuwa mepesi, nifanyeje?

Habari ndugu. Umeeleza kwamba unanyanyua madumu mawili ya maji ya lita 5 mara 25 bila kuchoka, na kwamba nguvu za mikono haziongezeki tena.

Kagua kwanza mpini na kifuniko, kwa sababu dumu langu liliwahi kukatika mpini nikiwa nimelinyanyua juu ya kichwa, na ni bahati tu iliyoniokoa. Mpini ukiwa imara, mwaga maji ujaze mchanga mkavu: lita 1 ya maji ina kilo 1, ilhali lita 1 ya mchanga hufikia takriban kilo 1.6, hivyo dumu lilelile litakuwa na kilo 8 hivi. Halafu shusha uzito polepole kwa sekunde 3 au 4. Jambo hilo peke yake lilinishusha kutoka marudio 20 hadi 11 siku ileile.

Kwa miguu sipendi madumu. Vaa begi la mgongoni lenye vitabu vilivyobanwa visichezecheze, kisha chuchumaa mguu mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma. Ukifikisha marudio 15 safi katika seti zote 3 (yaani mizunguko 3 ya marudio, ukipumzika katikati), ndipo uongeze kilo 1 au 2.