Ofa imekubaliwa Leicester, je, nyumba ni yangu?

Hongera ndugu, ila usiagize makochi kwanza. Umeuliza kama wakala akishasema ofa imekubaliwa, nyumba ni yako. Kwa England, hapana. Hadi mawakili wa pande mbili wabadilishane mikataba, muuzaji anaweza kukuacha akamfuata aliyepandisha dau. Na wewe unaweza kujitoa bila faini, ingawa ada ya wakili na ya mkaguzi wa nyumba hazirudi. Amana, kwa kawaida 10%, hulipwa siku mawakili wanapobadilishana mikataba. Ukijitoa baada ya hapo, imekwenda. (Scotland wana utaratibu wao, usichanganye.)

Sasa kitu ambacho wabongo wengi hatuambiwi: ile nyumba uliyosema umejenga Kibaha inahesabika. Nafuu ya ushuru wa stempu (kodi unayolipa ukinunua nyumba) kwa mnunuzi wa mara ya kwanza ni ya mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba popote duniani. Na kama ya Kibaha ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, kuna nyongeza ya ushuru ya 5% ya bei. Kiwanja kitupu hakina neno. Mwambie wakili mapema.

Halafu hela ya mchezo (upatu): benki na wakili watauliza imetoka wapi. Mimi nilihangaika wiki tatu kueleza kwa nini watu kumi walinitumia kiasi kilekile! Tayarisha taarifa za benki za miezi sita, na mjomba aliyekuchangia aandike barua kwamba ni zawadi, si mkopo.