Video inayokatakata ndani ya slaidi za PowerPoint

Ndugu, umeuliza kwa nini video ya ubanguaji wa korosho inakatakata ndani ya slaidi unapowaonyesha wakulima huko Masasi, ilhali kwenye simu inacheza vizuri. Usiicheze kutoka kwenye flashi, ambazo nyingi husoma polepole. Nakili faili lote kwenye kompyuta kwanza. Hata hivyo, ninashuku zaidi ukubwa wa picha, kwa sababu simu nyingi huweza kurekodi kwa 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, mara 9 ya zile za 1280 kwa 720, na kompyuta mpakato ya zamani (yangu hapa Lindi ni shahidi) huelemewa. Igeuze iwe MP4 ya H.264 (njia ya kubana video) yenye 1280 kwa 720, kisha uiingize upya kwenye slaidi.