Gemu Mpya kwa Laptopu Isiyo na Kadi ya Michoro

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mwanza. Nina HP EliteBook 840 G3 iliyotumika, Core i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 8, SSD GB 256. Mimi na wenzangu wawili wa chumbani tumechoshwa na FIFA za zamani na GTA San Andreas. Mwezi uliopita nilinunua gemu mpya iliyosifiwa sana, nikashusha GB 40, ikafunguka vizuri, lakini inakwamakwama hadi haichezeki. Naomba unitajie gemu mpya, hasa zile ambazo watu wamezipita bila kuziona, ambazo mashine hii itazimudu. Tunacheza pamoja jioni, na bando letu ni la kuungaunga. Pia nimesikia kuna gemu yenye sauti za Kiswahili. Itakubali kwangu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. EliteBook 840 G3 ni kati ya laptopu ninazozifungua mara nyingi zaidi, na si mashine mbaya. Nitakutajia gemu, ila kwanza nikueleze kwa nini ile ya GB 40 ilikushinda. Ukilijua hilo hutahitaji kuniuliza tena kila gemu mpya ikitoka.

Ndani ya prosesa yako kuna sehemu ya michoro inayoitwa Intel HD Graphics 520. Haina kumbukumbu yake yenyewe. Inaazima RAM ileile inayotumiwa na Windows, kivinjari na gemu. Kijiti kimoja cha RAM ya aina ya DDR4, cha kasi ya 2133, kinapitisha takribani GB 17 kwa sekunde. Sasa linganisha na GTX 1050 Ti, kadi ya mwaka 2016 iliyokuwa ya bei ya chini: ina GB 4 za kwake peke yake na inapitisha GB 112 kwa sekunde. Kwa hiyo hata prosesa yako ikiwa tayari kufanya kazi, michoro inasubiri data. Juu ya hapo, prosesa na michoro vinagawana umeme wa wati 15 tu. Gemu ikianza kulazimisha, joto linapanda, kasi inashushwa ili mashine isiungue, ndipo unapoona picha inaanza kuruka baada ya dakika kumi wakati mwanzoni ilikuwa inatembea vizuri.

Hapo kuna tiba ya bei nafuu ambayo wengi hawaambiwi dukani. Laptopu yako ina nafasi mbili za RAM. Fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory, usome palipoandikwa Slots used. Ikionyesha kwamba nafasi moja tu imejazwa, tafuta kijiti cha pili cha GB 8, DDR4 ya laptopu. Hakikisha ni DDR4, maana kuna wauzaji watakaokupa DDR3 kwa uso mkavu. Vijiti viwili vikifanya kazi pamoja, ile njia ya data inapanuka maradufu, na kwenye michoro ya ndani kama yako tofauti unaiona kwa macho. Mwambie fundi asafishe feni na abadilishe gundi ya joto akiwa amefungua. Halafu kila unapocheza, chomeka chaja, na punguza ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli, yaani vitone vya picha, zaidi ya milioni mbili za kuchora kila picha inapobadilika. Ya 720 haifiki milioni moja.

Pamoja na hayo yote, ile gemu ya GB 40 usiirudie. Haikutengenezwa kwa ajili ya mashine kama hii.

Habari njema ni kwamba gemu nyingi nzuri za miaka hii zimetengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo, kwa michoro bapa ya pikseli, na hizo ndizo zinazopitwa. Mwaka 2024 pekee, zaidi ya gemu 18,000 ziliingia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Hakuna binadamu anayeweza kuzipitia zote, kwa hiyo zinazosikika ni zile zenye bajeti ya matangazo, na hizo karibu zote ni nzito.

Kwa kuwa mko watatu, anzeni na UFO 50, ya Septemba 2024. Ni gemu 50 ndani ya moja, kazi ya kikundi cha Mossmouth akiwemo Derek Yu aliyetengeneza gemu maarufu ya Spelunky. Wamebuni kampuni ya gemu ya miaka ya 1980 ambayo haikuwahi kuwepo, wakajifanya wameziokota kazi zake zilizopotea, na wakajibana kwenye rangi 32 tu. Usidhani ni vigemu vya kupotezea muda kwenye foleni. Nyingi ni gemu kamili, na Grimstone peke yake inaweza kukumaliza wikiendi kadhaa. Kwa ushindani wa wawili kuna Bushido Ball na Hyper Contender, na anayefungwa anampisha wa tatu, kama kawaida. Tafuteni pedi mbili za USB. Onyo moja: gemu ya kwanza kwenye orodha, Barbuta, ni ya polepole na katili makusudi, na watu wengi huihukumu UFO 50 nzima kwa hiyo moja. Irukeni, mtairudia mkishakomaa.

Ya pili kwenu ni The Case of the Golden Idol, ya mwaka 2022, kazi ya ndugu wawili kutoka Latvia. Hii naipenda kwa sababu kasi ya mashine haina maana kabisa. Kila sura ni tukio la kifo lililosimama: mtu anaungua, mwingine amesukumwa kwenye jabali, wengine wanatazama. Unapekua mifuko, unasoma barua, unaokota majina na maneno, kisha unajaza nafasi zilizoachwa wazi kueleza nani alimuua nani, kwa kutumia nini na kwa sababu gani. Watu watatu mbele ya skrini moja mtabishana hadi jirani agonge ukuta. Mwendelezo wake, The Rise of the Golden Idol, ulitoka Novemba 2024 na hadithi yake imesogezwa hadi miaka ya 1970. Mimi bado naipa ya kwanza nafasi ya juu, kwa sababu vifo vyake vimefungamana vizuri zaidi.

Mkiipenda hiyo, kuna The Roottrees are Dead, ya Januari 2025. Mwaka ni 1998, familia tajiri ya watengeneza peremende imekufa kwenye ajali ya ndege, na kazi yako ni kuchora ukoo mzima ili ijulikane nani ni damu yao na ana haki ya urithi. Unafanya hivyo kwa kutafuta kwenye intaneti ya zamani ile ya laini ya simu. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi atajisikia nyumbani. Ila ina Kiingereza kingi, ukurasa baada ya ukurasa. Kama mwenzenu mmoja si msomaji, atasinzia.

Kwa bando dogo hakuna inayoishinda Animal Well, ya Mei 2024. Billy Basso aliitengeneza kwa takribani miaka saba, akaandika mwenyewe hata injini yake, yaani programu ya msingi inayoiendesha gemu, na kwenye kompyuta inachukua takribani MB 33. Umesoma sawasawa, MB. Wewe ni kidudu kidogo ndani ya kisima chenye giza kilichojaa wanyama, huna silaha, una filimbi na vifaa vingine vya ajabuajabu vya kuchezea, na hakuna anayekueleza chochote. Wekeni daftari pembeni, maana siri zake zimepangwa kwa tabaka. Udogo wa faili usikudanganye ukadhani michoro ni hafifu. Mwanga, moshi na maji vinakokotolewa papo hapo, kwa hiyo chaja iwe imechomekwa.

Nyingine nitazitaja kwa haraka. Shotgun King ya mwaka 2022 ni chesi ambayo mfalme mweusi ameachwa na jeshi lake lote, amebaki na bunduki, na kila baada ya pambano unachagua kadi mbili kwa pamoja, moja inakusaidia wewe na nyingine inawasaidia weupe. Öoo, ya Agosti 2025 kutoka Japani, ni kiwavi anayetumia mabomu kuruka na kufungua njia. Ni fupi, haina maneno ya kusoma, na mafumbo yake yamepimwa kwa ustadi ambao sijauona kwingine mwaka huo. Caves of Qud ilifikia toleo lake kamili Desemba 2024 baada ya kutengenezwa kwa zaidi ya miaka kumi. Ni dunia kubwa mno, ngumu, kwa mpangilio wake wa kawaida ukifa unaanza upya, na simpendekezei mtu asiye na subira. Halafu Arco, ya Agosti 2024. Hii inaniuma. Ni hadithi ya kisasi katika nchi ya kubuni inayofanana na Amerika ya zamani wakati wavamizi wanaingia, na mapigano yake ni ya aina yake: unapanga hatua yako ukiona adui anapanga ipi, kisha zote zinatendeka kwa wakati mmoja. Wakosoaji waliisifu, wanunuzi hawakuja. Kama mtanunua moja tu kwa sababu ya kuunga mkono waliotengeneza, iwe hiyo.

Balatro, ile ya karata, sikuiweka kwa sababu si ya kupitwa tena, imeuza nakala zaidi ya milioni tano. Lakini kama mnacheza arbastini au last card na hamjaigusa, ni takribani MB 150, na laptopu yenu haitahisi hata kama imewashwa.

Sasa mtego mmoja. Usichague gemu kwa sura pekee. Siku hizi kuna mtindo wa kutengeneza gemu zenye sura ya PlayStation ya kwanza, picha za kuchongoka na rangi zilizofifia, na mtu anadhani lazima ziwe nyepesi. Baadhi zimejengwa ndani ya Unreal Engine, injini inayotumika kwa gemu nyingi kubwa, na chini ya sura hiyo ya kizamani kuna mwanga na vivuli vya kisasa vinavyokula michoro yote uliyonayo. Soma mahitaji ya chini kwenye ukurasa wa gemu, na jicho lako liende kwenye mstari wa kadi ya michoro kabla ya RAM na prosesa. Ukiona Intel HD imetajwa kwa jina, nenda. Ukiona GTX 1050 au zaidi, acha. Wala usidanganywe na alama kwamba gemu imethibitishwa kwa Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya kuchezea gemu. Kale kamashine ni kadogo, lakini michoro yake ina nguvu mara kadhaa kuliko yako.

Hilo linatufikisha kwenye gemu ya Kiswahili. Unayoisikia ni Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga kutokana na msiba wa baba yake. Zau ni mganga kijana anayekwenda kwa Kalunga, mungu wa kifo, kudai baba yake arudishwe, na hadithi imechotwa kwenye simulizi za Kibantu. Ndiyo, unaweza kuchagua sauti za Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho. Ila imetengenezwa kwa Unreal Engine, kila kitu ni cha pande tatu hata kama unakimbia kulia na kushoto tu, na kwenye HD 520 itakutesa kama ile ya kwanza. Usiinunue kwa mashine hii. Kama kuna rafiki mwenye kompyuta yenye kadi yake ya michoro, nendeni mkaicheze kwake, mkianza moja kwa moja na sauti za Kiswahili.

Kuhusu kununua: bei za Steam kwetu ziko kwa dola, na kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye simu kupitia huduma za fedha inatosha kulipia. Jambo ambalo lingekuokoa mwezi uliopita ni kwamba Steam inarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua na kama umecheza chini ya saa mbili. Kwa hiyo siku ya kununua ndiyo siku ya kupima, usinunue ukaiweka. Februari, Juni na Oktoba Steam hufanya Next Fest, ambapo gemu nyingi ambazo hazijatoka hutoa demo, yaani vipande vya kujaribia, bure. Hapo ndipo mtakapozikuta zinazopitwa kabla wengine hawajazijua. Ila shusheni demo zenye MB mia kadhaa, zile za GB nyingi waachieni wenye nyaya za fiba.

Na kama wote watatu mnamiliki gemu moja, mmoja ashushe, wengine wachukue kutoka kwake kupitia Wi-Fi ya chumbani. Steam ina uwezo huo tangu mwaka 2023: ikishaona kompyuta nyingine kwenye mtandao uleule ina mafaili hayo, inayavuta huko badala ya intaneti. Mpangilio wake uko kwenye Settings, sehemu ya Downloads, na kompyuta zote mbili lazima ziwe zimewashwa Steam. Gemu zinazouzwa GOG, duka jingine la mtandaoni, zenyewe zina faili la kusakinisha ambalo unaweza kulihifadhi kwenye diski ya nje, ili siku ukifuta Windows usianze kununua bando upya.