Mtu akifia mikononi mwa polisi, msikimbilie kubishana

Nyie mnaoanza kusomea hizi kesi nawaomba kwanza mtenganishe maswali, maana yako matatu: nini kilisimamisha moyo, kifo ni cha aina gani, na je kuna mtu ana kosa la jinai. Mawili ya mwanzo ni ya daktari, la tatu ni la mahakama basi.

Chukueni ya George Floyd, aliyefia mikononi mwa polisi Minneapolis, Marekani, Mei 25, 2020. Ripoti ya uchunguzi wa mwili ilisema moyo na mapafu vilisimama wakati polisi wanamdhibiti na kumbana shingo, halafu ikataja vilivyochangia, ugonjwa wa moyo, presha, na dawa za kulevya fentanili na methamfetamini, sasa watu wengi wakazing'ang'ania hizo dawa wakasema aa basi kajimaliza mwenyewe. Someni yote jamani! Ripoti ileile iliandika kifo kimesababishwa na mtu mwingine. Ila na wale waliosoma hapo wakaona tayari askari ana hatia nao waliruka hatua, daktari haamui nia ya mtu wala kama nguvu iliyotumika inakubalika kisheria. Ya Eric Garner, aliyekufa akikamatwa na polisi New York 2014, daktari naye aliandika kifo kimesababishwa na mtu mwingine na bado jopo la raia linaloamua kama mtu ashtakiwe likakataa askari ashtakiwe.

Kwa Floyd jaji aliliambia jopo la kesi kwamba kitendo cha Derek Chauvin, askari aliyembana shingo kwa goti, si lazima kiwe sababu pekee, inatosha kiwe kimechangia kwa kiasi kikubwa. Hapo ndo ubishi wote wa dawa ulipoishiwa nguvu, na mimi naona ni haki kabisa, mwenye moyo mbovu naye analindwa na sheria kama mzima. Utetezi ulimleta David Fowler, daktari mchunguzi wa vifo, akataja moyo, dawa, hata moshi wa gari, upande wa mashtaka ukawa na Martin Tobin, daktari wa mapafu, aliyeeleza hatua kwa hatua jinsi oksijeni ilivyopungua. Aprili 2021 Chauvin akakutwa na hatia kwa makosa yote matatu.

Kwenye jinai angalieni sana muda. Chauvin alimbana Floyd dakika 9 na sekunde 29, na katikati yake askari mwenzake anasema hapati mapigo, goti bado lipo palepale.

Na mkikuta ripoti inasema mtu kafa kwa sababu alipandwa na wazimu wa ghafla akiwa ameshikwa, kaeni chonjo, chama cha wachunguzi wa vifo Marekani kiliacha kuikubali hiyo kama sababu ya kifo mwaka 2023. Ulizeni alishikwaje, alilazwaje, kwa muda gani.