Mume wangu mhasibu amefariki: je, kumkumbuka na kumwandika ni kosa?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mjane, niko Tanga, nimo ndani ya eda. Marhum mume wangu alikuwa mhasibu. Alianzia benki, akaacha mwenyewe, akamalizia umri wake akishika hesabu za shule. Kwa kujitolea alishika pia daftari la msikiti wa mtaani kwetu na kuwasaidia kina mama wa vikoba kufunga hesabu za mwaka. Wanangu bado wadogo, nataka niwaandikie maisha ya baba yao wasije wakamsahau. Wifi yangu ananiambia nikimtaja na kumlilia namtesa kaburini. Na msibani mtu alisema mshahara wa benki ni riba, kwa hiyo hakuna cha kusifu. Tena nimekuta daftari lake: wapo wanaomdai, na wapo aliowakopesha. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Pole sana dada yangu. Mola amrehemu mumeo, na wewe akupe subira na malipo yake.

Mwandike, dada. Mtume wetu (s.a.w.) alifiwa na Bibi Khadija Makka, kabla ya Hijra, na miaka mingi baadaye, Madina, bado alikuwa akimtaja. Bibi Aisha anasimulia kuwa hakumwonea wivu mke yeyote wa Mtume kama alivyomwonea Khadija, ilhali yeye Aisha hakuwahi kuishi na Khadija. Mtume akichinja mbuzi alikuwa akisema: wapelekeeni rafiki zake Khadija. Siku moja Hala, ndugu yake Khadija, alibisha hodi. Mtume akaisikia ile namna ya Khadija ya kuomba ruhusa, moyo ukamruka. Na baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, binti yake Zaynab alipotuma kidani cha mama yake ili kumkomboa mumewe aliyetekwa, Mtume alipokiona aliingiwa na huruma kubwa. Alisema juu ya Khadija: “Nimeruzukiwa mapenzi yake.” Mapenzi kwa aliyekufa ameyaita riziki. Nani basi atakwambia uifiche riziki yako?

Na machozi? Alipokufa mwanawe Ibrahim, Mtume alilia, akasema jicho latoka machozi na moyo wahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Hadithi anayoikusudia wifi yako, kwamba maiti huadhibiwa kwa kulia kwa watu wake, ipo na ni sahihi. Lakini wanavyuoni wengi wameielekeza kwenye kuomboleza kwa mayowe na kuchana nguo, hasa kwa aliyeusia hivyo au kuridhia. Bibi Aisha mwenyewe alipoisikia alikumbusha aya kwamba hapana mbebaji abebaye mzigo wa mwengine. Zungumza na wifi yako kwa upole. Naye amefiwa na ndugu.

Kuhusu benki sitakuficha. Mtume amemlaani mla riba, mwenye kuilipa, mwenye kuiandika na mashahidi wake wawili; ni hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, na vijana wetu wanaoomba kazi waijue. Ila yule bwana wa msibani ameisoma hadithi akaiacha aya. Katika Suratul Baqara, aya ya 275, Mwenyezi Mungu anasema aliyefikiwa na mawaidha kutoka kwa Mola wake akajizuia, basi yake ni yaliyokwishapita, na mambo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Mumeo aliacha mwenyewe, kwa hiari, akiwa na watoto wa kulisha. Hilo ni la kuandikwa, tena uliandike waziwazi: alifanya kazi benki, akaiacha. Watoto watajifunza zaidi kwa baba aliyegeuka kuliko kwa baba uliyempaka rangi. Na Mtume amekataza kuwatukana wafu, kwani wameshayafikia waliyoyatanguliza.

Nije kwenye daftari, maana naliona ndilo zito kuliko yote uliyouliza. Nafsi ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Imamu Bukhari amepokea kisa cha swahaba Zubayr bin Al-Awwam, aliyeuawa siku ya vita vya Ngamia, mwaka wa 36 Hijria. Watu walikuwa wakimletea mali awawekee amana, naye akikataa: hapana, iwe ni mkopo, nachelea isipotee. Yaani alijibebesha dhamana ili mwenye mali asipate hasara. Akafa na deni la 2,200,000. Mwanawe Abdullah akauza ardhi, akalipa. Ndugu zake wakamwambia: sasa tugawie mirathi. Akakataa! Miaka minne, kila msimu wa Hija, alitangaza: anayemdai Zubayr na aje tumlipe. Ndipo akagawa.

Kwa mhasibu, kumkumbuka kuanzie hapo. Mwombe shemeji yako au mtu mwaminifu akae na daftari lile, awaite wanaodai, alipe kutoka katika mali ya marhum kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Mahari yako, kama kuna sehemu hukulipwa, nayo ni deni. Usione haya kuitaja. Daftari za msikiti, za kina mama na funguo za shule zirudishwe kwa wenyewe, kwa kuandikiana na mbele ya mashahidi. Mambo ya watu aliyoyajua kwa kazi yake, nani ana nini na nani amefilisika, yasiingie katika maandishi yako kabisa.

Wale aliowakopesha, mwenye dhiki apewe muda. Ukitaka kumsamehe, samehe katika fungu lako, ambalo kwa kuwa ameacha watoto ni thumni, yaani sehemu moja kwa nane. Fungu la watoto wadogo si lako wala si la ami yao kulisamehe.

Kwa sababu hiyohiyo, jamaa wakitaka kufanya arobaini, chakula kisitoke katika mali ya mayatima. Swahaba Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Mu'ta, Mtume aliwaambia watu wawapikie jamaa zake chakula, kwani wamefikwa na la kuwashughulisha. Siku hizi tumeigeuza: mfiwa ndiye anayepika, na sufuria linajazwa kwa haki ya mtoto asiyejua kuhesabu.

Eda yako ni miezi minne na siku kumi, nyumbani kwako. Ni wakati mzuri wa kuandika. Anza na yale watoto watakayokuuliza: alivyocheka, alivyosali, nini alikataa kukitia sahihi. Na uwafundishe dua ambayo Mtume alimwombea swahaba Abu Salama alipofariki, mbele ya mkewe, wamtaje humo baba yao: ewe Mola msamehe, inyanyue daraja yake miongoni mwa walioongoka, uwaangalie aliowaacha nyuma, utusamehe sisi naye, mkunjulie kaburi lake na umtilie nuru ndani yake.

Wallahu aalam.