Neno limebaki, sharti limeondoka

Ndugu Mhariri, juma hili mmeuliza: mwanafunzi afundishwe vipi kwamba misingi iliyoasisi taifa hubadilika kadiri miaka inavyokwenda? Nimefundisha historia na uraia wilayani Chamwino kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba asomeshwe maandiko yenyewe badala ya kukaririshwa muhtasari wake.

Mimi huanza na neno moja, ujamaa. Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema hadi leo kuwa Tanzania ni nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi vya siasa; habari ya vyama vingi iliingizwa mwaka 1992, lakini "ya kijamaa" ikaachwa palepale. Kisha naandika ubaoni masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, tamko lililoitangaza siasa ya ujamaa: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hapo darasa huchangamka. Mwaka jana kijana mmoja wa dawati la nyuma alianza kuhesabu viongozi anaowafahamu wenye nyumba za kupangisha, na kwa jinsi Dodoma ya sasa ilivyofurika wapangaji, vidole havikumtosha. Akauliza, "Mwalimu, kwani hawa wanavunja sheria?" Hawavunji, kwa kuwa chama tawala kiliyalegeza masharti hayo kule Zanzibar mwaka 1991. Basi neno ujamaa, lililobaki katika Katiba, linabeba nini sasa?

Sikuwajibu, niliwatuma kwa wazee wao. Binti mmoja alirudi na habari za bibi yake, aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa wakati wa Operesheni Dodoma, kampeni ya serikali ya kuwakusanya watu vijijini, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bibi alililia shamba aliloliacha, kisha akasifu shule ambayo wanawe waliipata huko. Binti aliyaandika yote mawili bila kuyapatanisha, nami nikampa alama za juu, ingawa mitihani yetu imezoea kudai "mafanikio matano ya ujamaa", kana kwamba historia ni orodha ya sokoni.

Wenzangu huhofu kwamba masomo ya namna hii yatawafanya vijana wawadharau waasisi. Sioni hivyo. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere mwenyewe alilifanyia Azimio tathmini ya miaka kumi, akakiri kuwa Tanzania haikuwa bado nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea. Tathmini hiyo huwasomea siku ninaporudisha madaftari.