Binti, jifunze kusoma ramani kwanza

Wiki iliyopita msichana mmoja aliyefaulu usaili wa jeshi aliniandikia: "Shikamoo afande. Hapa nyumbani wananiambia wanawake huko mnapelekwa kupamba picha tu. Ni kweli?" Marahaba, binti. Nilicheka, halafu nikakasirika, maana hata mimi niliambiwa hivyo hivyo, na bado yananikera.

Nimewahi kutumwa kwenye kikosi cha kulinda amani. Mafunzo siyasimulii, kwata ni kwata. Nikupeleke moja kwa moja kwenye kijiji kimoja tulichofika na gari la doria. Wazee walitupokea vizuri, wakasema hali ni shwari. Wenzangu wakaandika "hali shwari", injini ikawashwa. Nikaomba tusubiri, nikaenda kisimani na mkalimani wa kike. Wale kina mama hawakutaja vita hata kidogo. Walilalamikia kuni. Njia ya kuni walikuwa wameihama kwa sababu watu wenye silaha huipita alfajiri, sasa wanazunguka mbali wakiwa na watoto mgongoni.

Umesikia hapo? Nani anapita, wapi, saa ngapi. Hiyo ni taarifa ya kijeshi kamili, na hakuna mwanaume kikosini ambaye angeambiwa. Nikaiweka kwenye ramani, nikaandika ripoti. Saa za doria zikabadilishwa, kina mama wakaanza kusindikizwa.

Kwenye kikao cha asubuhi, ofisa mmoja aliisoma ripoti ile kwa sauti nzito kana kwamba kisimani alikwenda yeye. Akapongezwa. Najua nitaambiwa jeshini kazi ni ya wote. Sawa, lakini mbona pongezi zilikuwa za mmoja?

Kwa hiyo andika, binti. Andika jina lako, saa, mahali. Ukimaliza, andika tena nakala yako. Na kabla ya kalamu, ijue kazi: shabaha, redio, ramani. Mwanaume asiyejua kuita msaada kwenye redio ataambiwa atazoea. Wewe utaambiwa wanawake hawawezi. Si haki, lakini ndivyo utakavyoyakuta.

Kitu kingine ninachokichukia ni ule wimbo kwamba mwanamke anafaa kwa amani kwa sababu ana huruma. Mwaka 2003, mazungumzo ya amani ya Liberia yakisuasua mjini Accra, Leymah Gbowee, mwanaharakati wa amani wa Liberia, na wanawake wenzake waliketi mlangoni, wakaziba njia, wajumbe wasitoke bila makubaliano. Huruma gani hiyo? Ile ilikuwa mbinu, na Agosti mwaka huohuo mkataba ukasainiwa. Baadaye, mwaka 2007, India ikapeleka Liberia kikosi cha polisi wanawake watupu chini ya Umoja wa Mataifa, nao walishika silaha na kufanya doria za usiku kama askari yeyote.

Ila wakina Gbowee walikuwa nje ya chumba, na hilo ndilo linaloniuma. Azimio 1325 la Baraza la Usalama lilipitishwa Oktoba 2000, likitaka wanawake wawemo katika maamuzi ya amani, si kushangilia mlangoni. Ufilipino ilionyesha inawezekana: mwaka 2014 Miriam Coronel-Ferrer alisaini mkataba na waasi wa Mindanao, kisiwa cha kusini mwa nchi hiyo, akiwa mkuu wa ujumbe wa serikali. Mwaka huohuo Kristin Lund wa Norwei akawa mwanamke wa kwanza kuongoza jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa, kule Kupro. Huko ndiko utazame, binti, usitazame kamera. Usikubali kupewa kiti cha pembeni na ukashukuru! Kiti cha pembeni hakisaini kitu.

Jambo la mwisho, na hili lifanye kabla hujapanda ndege: ulizia kama kikosi chako kina mkalimani wa kike. Kama hakina, omba apatikane, omba kwa maandishi, na nakala ubaki nayo.